Sura Getini: Mwongozo wa Kufunga Kamera Nyumbani Kolandoto

Ukimwita fundi wa kamera aje nyumbani kwako Kolandoto, mkoani Shinyanga, swali lake la kwanza huwa ni idadi: unataka nne, nane au kumi na sita? Mashine za kurekodi zinauzwa kwa mafungu hayo, kwa hiyo mazungumzo yote huishia kwenye namba na bei. Mwongozo huu unaanzia kwingine. Kabla ya idadi, jiulize ni sura ya nani unataka ionekane, akiwa amesimama wapi, saa ngapi. Ukishajibu hayo, idadi itajitokeza yenyewe, na mara nyingi itakuwa ndogo kuliko uliyotajiwa. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kamera ya nyumbani ni kutoa ushahidi. Haifungi mlango, haimkimbizi mtu, haimwamshi jirani. Inachoweza ni kusema baadaye nani alipita. Kama haiwezi kulisema hilo kwa uhakika, ni afadhali fedha yako ikanunue taa na kufuli.

Kuna watakaosema kamera yenyewe inatosha kumtisha mwizi. Wazo hilo lina ukweli wake, ila ukweli huo una mipaka. Mwaka 2019 watafiti Eric Piza, Brandon Welsh, David Farrington na Amy Thomas walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za ulinzi, wakakuta kwamba palipofungwa kamera uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13. Mafanikio makubwa yalikuwa kwenye maegesho ya magari, na kamera zilifanya vizuri zaidi pale palipokuwa na mtu wa kuzitazama moja kwa moja pamoja na hatua nyingine za ulinzi. Nyumbani hakuna anayekesha mbele ya skrini. Saa tisa usiku simu iko chaji na wewe umelala. Anayeitikia ni yule yule aliyekuwa akiitikia kabla ya kamera: mbwa, mlinzi, jirani, na huku Usukumani, sungusungu. Jeshi hilo la jadi lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 pande za Kahama na Nzega, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi, na mwaka 1989 likapewa nafasi katika sheria za mgambo. Nguvu yake ilikuwa mwano, ule ukelele unaopokelewa kaya hadi kaya mpaka njia zote zimefungwa. Kamera haina uwezo huo. Kama huna filimbi, huna taa ya nje, wala huna namba za simu za mwenyekiti wa mtaa na majirani wawili watatu, anza na hivyo kabla hujaenda dukani.

Ipo sababu nyingine ya kusisitiza ushahidi, na hii ni nzito zaidi. Mkoa wa Shinyanga unajua tuhuma isiyothibitishwa huishia wapi. Vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Na nchi nzima inajua kinachompata anayepigiwa kelele za mwizi barabarani. Ukirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kipande cha video chenye kivuli cha kijana mrefu mwenye fulana nyeupe, umewapa watu wenye hasira maelezo yanayowaenea vijana wengi wa Kolandoto, wakiwemo wanafunzi wa chuo cha afya wanaorudi vyumbani kwao usiku. Picha mbovu itamkosa mhusika, kisha inaweza kumuua asiyehusika. Kwa hiyo kila uamuzi unaofuata hapa chini, kuanzia lenzi hadi betri, uupime kwa swali moja: je, utanipa picha inayomtaja mtu mmoja na kuwaondoa wengine wote?

Kipimo hicho kina namba. Kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kinahesabu pikseli zinazoangukia kwenye kila mita ya upana wa eneo linalotazamwa. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kwamba kuna mtu. Zikifika 62 unaona anafanya nini na mavazi yake kwa ujumla. Zikifika 125, anayemfahamu mtu huyo anaweza kumtambua. Kumtambulisha mgeni bila shaka kunataka 250. Sasa chukua kamera ya megapikseli 4, aina iliyozoeleka madukani, yenye picha ya upana wa pikseli 2560. Gawa kwa 250, unapata mita 10 na ushei: huo ndio upana wa juu kabisa ambao kamera hiyo inaweza kuutazama na bado ikakupa sura. Ikiwa na lenzi ya milimita 2.8, iliyo ya kawaida kwenye kamera za bei nafuu, inaona pembe ya karibu digrii 100, na upana huo wa mita 10 unajaa mtu akiwa mita 4 tu mbele ya kamera. Akiwa mita 10, pikseli zimeshuka hadi 107 hivi kwa mita. Akiwa mita 20, kule kona ya mwisho ya uwanja, zimebaki 54, na unachoona ni umbo linalotembea. Kamera ile ile ikiwa na lenzi ya milimita 6 inaona pembe ya digrii 50 hivi, na mtu aliye umbali wa mita 10 bado sura yake inasomeka. Muuzaji atakutajia megapikseli. Wewe muulize lenzi ni ya milimita ngapi.

Kwa hesabu hii, kamera iliyopachikwa kwenye kona ya juu ya nyumba ili ione uwanja wote haitamtambulisha mtu yeyote, hata iwe ghali namna gani. Badala yake tafuta mahali ambapo mtu hana budi kupita. Serikali ilipotaka kudhibiti tanzanaiti ya Mirerani ilijenga ukuta wa kilomita 24.5, uliozinduliwa Aprili 2018, ili kila anayeingia na kutoka apite langoni na akaguliwe hapo. Nyumba yako haihitaji matofali kupata faida hiyo. Uzio wa minyaa ulioshonana vizuri, wenye mwanya mmoja, unamlazimisha mgeni apite mbele ya lenzi uliyoichagua. Ukiacha vichochoro vitatu ambavyo watoto na mbuzi wamevizoea, utahitaji kamera tatu kufanya kazi ya moja. Kuziba vichochoro ni kazi ya mchana mmoja na gharama yake ni jasho.

Kwa boma la kawaida, lenye nyumba mbele, jiko na stoo uani, na banda au zizi pembeni, kamera nne zinatosha. Ya kwanza itazame geti kwa lenzi ya milimita 4 au 6, ikiwa imelenga pale pale mtu anaposimama kufungua. Ya pili itazame mlango wa mbele, ya tatu mlango wa uani, ambao wezi wanaupenda kwa kuwa wenye nyumba huusahau. Ya nne ndiyo iwe pana, ya milimita 2.8, itazame uwanja mzima. Haitatoa sura, na wala hatuitarajii itoe. Itaonyesha mtu alitokea upande gani, alikaa muda gani, alielekea wapi na alikuwa na nani. Ikisomwa pamoja na ile ya geti, masimulizi yanakamilika. Kama una paneli za sola, pampu ya kisima au pikipiki inayolala nje, ongeza ya tano kwa ajili ya hicho tu. Na kama biashara yako ni dhahabu, kwa maana hata hapa kuna wanaokwenda na kurudi Kahama, Katoro na Geita, kamera haitakulinda mzigo ukilala nyumbani. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019. Uza huko, mzigo usikae chini ya kitanda.

Urefu wa kufunga ni jambo dogo linaloharibu mifumo mingi. Fundi hupenda kupanda hadi chini ya bati, mita 4 kutoka ardhini, ili kamera isifikiwe na mkono. Mtu wa kawaida ana sura yake kwenye mita 1.6. Akiwa mita 4 kutoka ukutani, kamera ya juu hivyo inamtazama kwa pembe ya zaidi ya digrii 30, na akivaa kapelo utarekodi kapelo. Ishushe hadi mita 2.4, pembe inakuwa digrii 11 hivi, na sura inaonekana hadi kidevuni. Utasema kwa urefu huo ataing'oa. Anaweza, lakini ili aing'oe itabidi aikaribie, na kadiri anavyokaribia ndivyo sura yake inavyozidi kujaa kwenye picha ambayo tayari iko ndani ya nyumba, kwenye mashine. Chagua aina yenye kasha la chuma, na waya uingie ukutani moja kwa moja nyuma ya kamera bila kuning'inia. Fundi akimaliza, usimlipe salio mchana. Subiri giza liingie, mwombe jirani avae kofia na apite getini kwa mwendo wake wa kila siku, kisha simamisha picha kwenye skrini na umwite mtu asiyemfahamu jirani huyo. Kama hawezi kumwokota kati ya watu kumi waliosimama uwanjani, kazi haijaisha.

Mwenye uwezo atauliza: si ninunue nane tu, niwe salama zaidi? Kila kamera inaongeza waya, umeme, nafasi ya diski, lenzi ya kufutwa vumbi na video ya kupekuliwa siku ya tukio. Nane zilizotawanywa juu ya kona zitakupa pembe nane za kivuli kile kile. Mwenye kipato kidogo naye atauliza kuhusu zile kamera za Wi-Fi zinazochomekwa kama balbu, ambazo bei yake ni sehemu ndogo tu ya mfumo wa waya. Kwa chumba kimoja cha kupanga, au kumwangalia mgonjwa ukiwa kazini, ni chombo kizuri na sikuzuii. Kwa geti hazifai. Video inakaa kwenye kadi iliyo ndani ya kamera hiyo hiyo, kwa hiyo anayeing'oa anaondoka na ushahidi wake. Mawimbi ya Wi-Fi yanadhoofika kwenye kuta za matofali na bati. Ni bora kamera mbili za waya leo, geti na mlango wa uani, kwenye mashine yenye nafasi nne, na nyingine mbili ukivuna.

Usiku una kanuni zake. Taa za mionzi isiyoonekana zilizo ndani ya kamera hufika mita 20 au 30 kwa mujibu wa boksi, lakini zinamulika kila kilicho karibu kwanza. Kamera iliyobanwa karibu na ukuta mweupe itaona ukuta unaong'aa, na geti litazama gizani. Joto na mwanga huo vinavuta wadudu, wadudu wanamvuta buibui, na utando mmoja mbele ya lenzi unatosha kuifanya picha nzima kuwa ukungu mweupe. Msimu wa kumbikumbi ndio mbaya zaidi. Dawa yake ni kutenganisha: weka balbu ya kawaida ya LED mita mbili au tatu kando ya kamera, imulike pale mtu anaposimama. Hapo kamera inaweza kupiga picha ya rangi, na rangi ya shati ni ushahidi. Kwenye mipangilio, usiache kasi ya shata ishuke ovyo usiku, kwa sababu anayetembea atakuwa mchirizi. Iwekee kikomo cha moja kwa hamsini ya sekunde au kasi zaidi, na picha 15 kwa sekunde zinatosha kabisa. Kiangazi cha huku kina vumbi la kutosha kufunika lenzi ndani ya wiki chache. Kitambaa laini chenye maji kidogo, kila mwisho wa mwezi. Na kama uzio ni wa minyaa, ziba kwenye mipangilio ile sehemu ya picha inayochezacheza na upepo, la sivyo simu italia usiku kucha hadi utaizima tahadhari yote.

Waya ndio uti wa mgongo, na ndipo udanganyifu ulipo. Mfumo wa NVR, yaani mashine inayorekodi kamera za mtandao, unatumia waya wa Cat 6 unaobeba picha na umeme kwa pamoja, kile mafundi wanachokiita PoE, kwa umbali usiozidi mita 100. Madukani kuna waya wa shaba tupu na kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, na maboksi yanafanana. Usisome boksi. Omba kipande cha sentimita chache, menya ganda, toa unyuzi mmoja na ukwangue ncha yake kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ule mwingine unabadilika kuwa mweupe kwenye mkwaruzo wa kwanza, na ukiukunja mara chache unakatika. Aluminiamu inapitisha umeme kwa karibu theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo kamera ya mbali itawaka mchana na kuzima usiku pale taa zake zinapohitaji nguvu zaidi. Mwenye nyumba atabadilisha kamera, kisha swichi ya mtandao, kabla ya kushuku waya. Waya unaopita ardhini uvishe bomba la plastiki gumu na uchimbie kina cha kutosha. Udongo mweusi wa mbuga unapasuka kiangazi na kuvimba masika, na mvutano huo unakata waya uliofukiwa mtupu.

Kisha kuna radi, ambayo katika ukanda huu inastahili hofu kuliko mwizi. Oktoba 2018 iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi mjini Geita, na Januari 2025 ikaua wanafunzi saba wa sekondari ya Businda wilayani Bukombe. Kwenye kamera haihitaji hata kukupiga: radi inayoanguka jirani inazalisha msukumo wa umeme kwenye kila waya mrefu ulio nje, na msukumo huo unakimbilia kwenye mashine. Hivyo waya wa nje uwe mfupi iwezekanavyo, usitundikwe mti kwa mti wala kufungwa kwenye nguzo ya antena. Kila waya unaotoka nje upitie kizuia msukumo kabla ya kufika kwenye swichi, na kizuia hicho kiunganishwe na nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, ile ethi ambayo mafundi wengi huiruka kwa kuwa haionekani. Kwenye mchanga wa isanga, mkavu kuanzia Juni hadi Oktoba, nondo moja fupi haisaidii sana. Piga mbili au tatu zilizounganishwa, na uchague mahali panapobaki na unyevu, kama karibu na maji ya kuogea yanapomwagika. Nyumba mbili zilizo mbali katika boma moja ziunganishwe kwa nyuzi za kioo, ambazo hazibebi umeme kabisa.

Kolandoto ina bahati ya kuwa jirani na kituo cha kupoza umeme cha Ibadakuli, inakofika njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa. Lakini kinachokata umeme nyumbani kwako ni nguzo ya mtaani kwako, na giza la namna hiyo ndilo mwizi analolisubiri. Fanya hesabu. Kamera moja inakula wati 5 hadi 7 taa zake zikiwaka. Nne ni 25 hivi. Mashine na diski yake ni 15, ruta ni 10. Jumla wati 50. Kwa saa 24 ni uniti 1.2, kwa mwezi uniti 36. Kama uko tarifu ya D1, ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, kumbuka kwamba mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi na zinazozidi zinatozwa shilingi 350. Kaya inayotumia 50 itafika 86, na ikizidisha mwezi hadi mwezi inaweza kuhamishiwa tarifu ya matumizi ya kawaida, T1. Hiyo ndiyo gharama ambayo hakuna fundi anayekutajia, na kwa familia nyingi inazidi thamani ya kamera yenyewe baada ya miaka michache. Jibu moja ni kuutoa mfumo kwenye LUKU kabisa. Paneli ya wati 350 kwenye jua zuri la saa tano kwa siku inazalisha karibu uniti 1.3, ambayo inakaribiana na mahitaji yetu, na jua Shinyanga halina uchoyo. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 inabeba Wh 1,200. Ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo itakupa saa kama 10, na ya lithiamu saa 18 hivi. Ruta nayo iingie kwenye betri hiyo hiyo.

Kuhifadhi video ni hesabu nyepesi. Kamera ya megapikseli 4 ikirekodi kwa mfumo wa H.265 kwa megabiti 2 kwa sekunde inajaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Nne ni 86. Diski ya terabaiti 2 inakaa siku 23, kisha mashine inaanza kuandika juu ya video za zamani. Nunua diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, maana diski ya kompyuta ya zamani haikuundwa kuandika usiku na mchana. Mashine yenyewe isikae juu ya kabati la runinga. Ifiche stoo au juu ya dari palipo na hewa, ndani ya kasha la chuma lililofungwa ukutani. Saa yake iwe sahihi na ijirekebishe kwa intaneti, kwenye ukanda wa saa wa Nairobi, na tarehe ianze na siku, maana 03/07 inaweza kusomwa Julai 3 au Machi 7. Umeme ukikatika muda mrefu, hakikisha saa haijarudi nyuma.

Intaneti si lazima kwa kurekodi. Itumie kutazama tu, na kwa picha ndogo; picha kubwa ya kamera moja inamaliza megabaiti 900 za bando kwa saa. Kurusha video zote kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa bando la simu ni kazi isiyowezekana kwa watu wa kawaida. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile, mbele yako, na wewe ndiye uiandike, si fundi. Oktoba 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na mashine za kurekodi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na ikazitumia kuangusha tovuti kubwa za Marekani. Anayeweza kuingia kwenye kamera zako anajua pia lini nyumba haina mtu.

Hapo linakuja pingamizi ambalo wenye nyumba hulipuuza: faragha. Wengi husema uwanja ni wangu, nitazame ninachotaka. Ibara ya 16 ya Katiba inamlinda kila mtu katika nafsi yake, maisha yake ya familia na makazi yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, ikiwa na Tume ya kuisimamia. Mwenye nyumba anayepangisha vyumba vya wanafunzi karibu na chuo hafanyi tena jambo la familia yake tu. Aulize kwa Tume wajibu wake wa kujisajili. Lakini hata bila sheria, mpangaji analipa kodi ya chumba chake na njia ya kwenda bafuni, na binti wa kazi ana haki ya kufua nguo zake bila kutazamwa. Kamera isielekee choo, bafu, kamba ya nguo wala dirisha la mtu. Uwanja wa jirani uuzibe kwa kile kivuli cheusi kilichomo kwenye mipangilio, kisha mwite jirani aone skrini mwenyewe. Zima maikrofoni. Bandika tangazo getini, na kila anayeishi hapo aambiwe kamera zinatazama wapi na nani anaruhusiwa kufungua video. Haya hayapunguzi ulinzi hata kidogo, kwa kuwa mpango wetu umejikita kwenye mageti na milango, na geti halina siri ya mtu.

Siku tukio likitokea, usiguse mipangilio yoyote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime namna rekodi ilivyotengenezwa na kutunzwa, na kama haikuchezewa. Nenda kituoni, ufungue jalada na upewe RB. Nakili video ya kamera zote nne, kuanzia nusu saa kabla hadi nusu saa baada ya tukio, kwenye flashi mpya mbili, moja kwa mpelelezi na moja ubaki nayo. Andika kwenye daftari nani alinakili, tarehe na saa ngapi, mbele ya nani. Kwenye maelezo yako, saa nane usiku iandikwe pamoja na 02:00 inayosomeka kwenye skrini, ili wakili asije akakuta tofauti ya saa sita na kuijenga kesi juu yake. Kundi la mtaa liambiwe kwamba umeripoti, na picha asionyeshwe mtu hadi mpelelezi aseme. Na haya yote yafanyike ndani ya juma la kwanza, kwa kuwa siku ya ishirini na nne mashine itaanza kuandika juu ya usiku ule.